Vigelegele Vinne vya Sajini

Sajini Nehemiah Simiyu alipoomba chumvi mezani kwake pale Skuta, mtaa wa mji wa Nyeri, majirani watatu walianza kutazama kama wanayo. Ndivyo sauti yake ilivyokuwa. Aliitumia miaka mingi katika polisi akifundisha makurutu kwata, na alipostaafu hakuona sababu ya kuipunguza. Watu wa kwao Bungoma walidhani angerudi akalime. Yeye akabaki Nyeri, eti amezoea baridi. Huo ulikuwa uongo, maana baridi aliichukia. Ukweli ni kwamba shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara ilimwomba awafundishe watoto gwaride la Sikukuu ya Kenyatta, na kazi hiyo ya bure ilimpendeza kuliko zote alizowahi kulipwa mshahara.

Kila mwezi wa kumi watoto wake walipita uwanjani Ruringu magoti juu, wakageuka kwa pamoja, na watu wakasimama kwenye viti kutazama ni nani huyo anayewapigia amri. Wakamwona mzee mfupi, kifimbo kwapani, tumbo mbele.

"Sauti haitoki kooni," aliwaambia watoto. "Koo ni mlango tu. Sauti inatoka hapa." Hapo akajipiga tumbo, pu, na watoto nao wakajipiga.

Sasa tumbo lile lile ndilo lililomgeuka. Vidonda vya tumbo alikuwa navyo tangu zamani, na dawa yake ilikuwa maziwa na ukaidi. Mwaka wa sabini na sita, mvua za masika zikianza, kidonda kimoja kilipasuka akiwa anapiga viatu rangi, akaanguka na brashi mkononi. Mkewe, Nasirumbi, alimfikisha hospitalini kwa gari la mwalimu mmoja jirani. Huko alipokewa na Dokta Harshad, kijana mwembamba ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini. Kijana huyo alimpasua mzee kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu, akakata kipande cha tumbo kilichoharibika, akashona.

Sajini alipoweza kuinua kichwa na kutazama kazi ile, moyo ulimwishia. Alikuwa amekaa miaka mingi na magunia ya mahindi ya wizi yakiletwa kituoni, na alijua jinsi gunia lililoshonwa linavyopasuka. Haliachi polepole. Mshono mmoja unaruka, halafu yote, na mahindi yanakuwa sakafuni.

Dokta alimpa masharti machache: asibebe mzigo mzito, akikohoa akumbatie mto, na atembee kila siku. Sajini aliitikia yote, halafu akajiongezea lake moyoni. Hatapaza sauti tena. Kuanzia siku hiyo akawa ananong'ona.

Nasirumbi, nisimfiche, alifurahi. Alikuwa ameishi na mngurumo ule tangu ujana wake, na sasa nyumba ilikuwa imetulia hata akawa anasikia sufuria ikichemka. "Baba Wekesa," alimwambia mumewe, "hii kunong'ona inakufaa. Hata unafanana na askofu." Majirani ndio waliopotea. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akijua saa ya kuwasha jiko kwa kumsikia Sajini akiita chai. Mumewe akala chakula kibichi wiki nzima.

Wakaja akina mama.

Kiongozi wao alikuwa Ngendo, jirani wa mlango wa pili, ambaye kila mtu alimwita Mama Gatimu kwa jina la mwanawe. Kikundi chake kilikuwa na kazi moja, na kiliifanya vizuri. Mwanamke akijifungua, walimwendea na kuni mgongoni, ndizi, uji wa wimbi uliochacha, na njahi, yale maharage meusi ambayo Wakikuyu humpikia mzazi ili arudishe damu na maziwa. Sajini aliwasikia wakiingia uani wakiimba. Akamnong'oneza mkewe, "Nani amezaa?"

Nasirumbi akatoka kuuliza. Akakuta wanawake wamesimama mlangoni na mizigo yao.

"Mama Wekesa," Ngendo akasema, "tumekuja kuona mgonjwa."

"Karibuni. Lakini hizi ni vitu za mzazi."

"Sisi mtu akitoka hospitali tumbo ikiwa imeshonwa, kuna kitu moja tu tunajua kufanya."

"Huyu ni mwanaume, Mama Gatimu."

"Ati mwanaume! Kwani tumbo inajua?"

Hilo likawa limekwisha. Lakini kabla ya kuingia palitokea ubishi, maana akina mama hao hawaingii nyumba ya mzazi bila vigelegele. Akizaliwa mvulana ni vitano, akizaliwa msichana ni vitatu, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza kwa nini. Sasa hapa itakuwa vingapi?

"Alitolewa nini?" mmoja akauliza.

"Kipande ya tumbo."

"Hiyo si kijana, si msichana."

"Pigeni nne tuingie," Ngendo akakata shauri. "Uji inapoa."

Vikapigwa vinne. Watu wa Skuta walihesabu, wakatazamana, wakahesabu tena. Hadi jioni palikuwa na wazee kwa kinyozi waliokuwa wakijadili kimezaliwa kitu gani kwa yule polisi.

Sajini alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, macho mekundu kwa hasira. "Mama Wekesa," akanong'ona, "toa hawa watu nje." Hakuna aliyemsikia. Zamani neno moja lake lingewafikisha mji wa pili, Chaka, bila viatu. Wanawake wakamzunguka, wakamwekea mito, wakamfunga shali mabegani, na Ngendo akaketi kando ya kitanda na kijiko cha njahi iliyopondwa na ndizi mbivu.

"Fungua mdomo, Sajini."

Alifungua ili akatae. Kijiko kikaingia.

Na hapa lazima tuseme ukweli, ingawa yeye mwenyewe aliukana hadi uzeeni. Njahi ile ilikuwa tamu. Chakula cha hospitali kilikuwa kimemfanya asahau kuwa ulimi una kazi. Alimeza, akatazama dari, akafungua mdomo tena kidogo, kama mtu anayepiga mwayo.

Baada ya hapo akina mama walikuja kila Alhamisi, na Sajini akaacha kuuliza ni nani amezaa. Mzazi hashiki maji, hainui kikombe, hafungi hata kifungo chake, basi naye hakushika wala hakuinua. Walizungumza mbele yake kana kwamba ni mmoja wao. Alijua waume gani wa Skuta wanakoroma, nani huficha nyama kabatini, na mzee gani wa kanisa anayepakwa rangi nywele na mkewe Jumamosi. Siku moja Nasirumbi alimkuta ameshika mdomo, shali limemteleza begani, akisema "Uui!" sawasawa na wenzake.

Akanenepa. Mashavu yalijaa, suruali zikakataa kufunga. Miguu peke yake ndiyo iliyokonda kwa kukaa bure. Dokta Harshad alipomwona kliniki alimzunguka mara mbili.

"Sajini, unatembea?"

"Natembea," akanong'ona.

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kitandani mpaka mezani."

"Na ukifika mezani?"

"Kuna njahi."

Dokta akaguna. Akalipapasa kovu, akalibonyeza huku na huku. "Hii imefunga. Imeshikana vizuri sana. Sasa mbona unanong'ona? Mimi nilipasua tumbo, sikugusa koo."

Sajini alivaa shati. Angemwambia nini kijana yule? Kifo hakikumtisha, maana alikuwa amekwisha kuzika wenzake wengi. Kilichomtisha kilikuwa kitu cha kijinga, naye alijua ni cha kijinga, ndiyo maana hakukitaja hata kwa mkewe. Aliamini kwamba sauti yake ilikuwa katika kipande kile kilichokatwa. Mara nyingi alitaka kuuliza kilitupwa wapi. Alikuwa na hofu kwamba siku moja atafungua mdomo apige amri na hapatatoka kitu, na hapo atajua kwa hakika kwamba yeye amekwisha, kilichobaki ni mzee wa kulishwa. Kwa hiyo hakujaribu. Mtu akinong'ona kwa hiari yake anaweza kusema anajitunza.

Mwezi wa nane alikuja Moffat kumtazama. Moffat alikuwa askari jela mstaafu, mtu mpole, na alileta machungwa.

"Usijali gwaride, Sajini. Mwaka huu nitashika mimi watoto. Mwaka ujao tutaangalia."

Sajini akamshukuru. Lakini neno lile "tutaangalia" alilijua vizuri. Ndilo alilokuwa akiwaambia vijana waliokuja kuandikishwa polisi wakiwa na miguu bapa.

Tangu hapo mateso yakawa ya kila alasiri. Moffat alipiga amri kwa koo, sauti nyembamba ya mtu anayefukuza kuku kwenye mchele uliotandazwa. "Kushoto geuka!" Nusu ya watoto wakageuka kushoto, nusu kulia, na wachache wakaelekea jikoni ambako uji ulikuwa ukinukia. Sajini aliyatazama hayo dirishani, midomo ikimcheza. Siku moja akafunga dirisha, akalala akiangalia ukuta. Nasirumbi aliingia na chai akaona mabega ya mumewe yakitikisika. Alirudi nyuma taratibu, chai mkononi, akaenda kusimama jikoni. Ule ukimya aliokuwa ameufurahia, siku hiyo aliuchukia.

Akavuka kwenda kwa jirani. "Mama Gatimu, mzee wangu anazimika hivi hivi nikiangalia. Tumbo imepona. Yeye ndiye hajapona."

Ngendo alikuwa akichambua maharage. Akafikiri. "Hiyo ni kwa sababu hajarudisha njahi," akasema.

Kesho yake alikuja kwa Sajini bila chakula chochote, jambo lililomshtua Sajini mara moja.

"Watiri, bibi ya Gatimu wangu, amejifungua huko Mukurweini," Ngendo akasema. "Jumamosi tunaenda."

"Mwende salama," Sajini akanong'ona.

"Na wewe."

"Mimi?"

"Mwenye amekula njahi ya kikundi iko ndani ya kikundi. Na mwenye alikula mwisho ndiye anatangulia, na akifika kwa mlango ndiye anaanza vigelegele. Ni sheria yetu tangu kitambo."

"Mama Gatimu, mimi ni mwanaume."

"Si ulikuwa unajua hiyo wakati ulikuwa unakula?"

Sajini akavuta shali juu ya mabega. Alikuwa mtu wa sheria. Maisha yake yote alikuwa amewaambia wengine kwamba sheria ni sheria, na sasa sheria ilikuwa imesimama mbele yake ikiwa imevaa leso, mikono kiunoni.

Jumamosi ikafika. Alivaa suruali yake ya sare ya zamani, ambayo Nasirumbi aliitanua kiunoni kwa kitambaa kilichobaki cha pazia. Basi liliwaacha penye maduka, na kutoka hapo ilikuwa ni kuteremka hadi mtoni na kupanda mlima wa pili kwa miguu, kati ya mikahawa na migomba. Wanawake walibeba kuni mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Sajini, kwa sababu ya masharti ya dokta, alipewa kibuyu cha uji, akakikumbatia kama bunduki.

Kuteremka hakukuwa na shida. Kupanda ndiko kulikomkumbusha zile Alhamisi zote. Jasho lilimwingia machoni. Kila aliposimama kupumua, Ngendo naye alisimama akasema ukanda wake umelegea. Ulilegea mara nyingi sana ukanda ule. Sajini aliona, na kwa ajili hiyo alimpenda mwanamke yule.

Kitu kilichomsumbua kuliko mlima ni jinsi walivyotembea. Wengine mbele, wengine nyuma, mmoja amekwenda kusalimia shangazi yake shambani, wawili wamesimama katikati ya njia wakibishana juu ya bei ya mafuta. "Mstari," Sajini alinong'ona. "Akina mama, mstari." Maneno yale hayakumfikia hata mtu wa pili.

Wakafika kwenye lango la Gatimu. Wanawake wakatua mizigo, wakafuta nyuso. Nyumba ilikuwa ndani kidogo, moshi ukitoka jikoni, na ng'ambo ya bonde palikuwa na mlima mwingine, na watu wadogo wadogo wakichuma kahawa.

"Haya, Sajini," Ngendo akasema. "Ni msichana. Tatu. Na isikike ile ng'ambo, wajue hapa kwetu kumekuja mtu. Ikisikika vibaya watasema hatukumfurahia."

Sajini akatazama ng'ambo. Ilikuwa mbali. Akafungua mdomo, akajaribu kile alichosikia wanawake wakifanya kwa ulimi. Ikatoka sauti ndogo, kavu, ya mlango usiotiwa mafuta. Kuku aliyekuwa karibu alimtazama, akaondoka.

Wanawake wote wakaangalia chini, kwa heshima. Ni Nasirumbi peke yake ambaye hakuangalia chini. Alikuwa amesimama nyuma yao, leso ameikunja mkononi, anamtazama mumewe usoni, na midomo yake ilikuwa ikisema bila sauti, "Baba Wekesa, tafadhali."

Sajini akampa Ngendo kibuyu. Hakujua bado atafanya nini, ila miguu ilijua, maana visigino vilikwisha kukutana vyenyewe. Mkono ulitaka kwenda kwenye kovu. Akauzuia, akaubandika kwenye mshono wa suruali, unapotakiwa kuwa. Akaogopa sana. Akavuta pumzi, ikashuka, ikashuka, ikapita pale ilipokuwa ikikomea miezi yote ile, ikafika chini kabisa, akashangaa kwamba pale chini bado palikuwa na nafasi.

"Gwarideee!"

Ndege wakaruka kutoka kwenye migomba.

"Mguuu... SAWA!"

Sauti ikavuka bonde, ikagonga mlima, ikarudi. Ng'ambo kule wachumaji wakanyooka wote. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli njiani, ambaye lazima aliwahi kuwa jeshini zamani za Waingereza, aliiachia baiskeli ikaanguka, akasimama wima, mikono ubavuni, akingoja amri ifuatayo. Na akina mama wa Skuta, walioshindwa kutembea kwa mstari mlima mzima, walijikuta wamepangana wawili wawili, bila hata mmoja kujua ni nani aliyempanga.

"Moja," Ngendo akahesabu.

Sajini akapiga amri ya pili. Mshono haukuruka. Akapiga ya tatu, kubwa kuliko zote.

"Tatu! Imetosha, Sajini. Ni msichana."

Akapiga ya nne.

"Sajini! Watasema ni kijana!"

Akapiga ya tano, akainyoosha hadi pumzi ya mwisho, halafu akageuka, uso umelowa jasho na machozi, wala hakuyafuta.

"Mama Gatimu," akasema, na hakunong'ona, "mlikipigia kipande cha tumbo langu vigelegele vinne. Kipande kibovu, kilichotupwa. Mtoto mzima mtampigia vitatu?"

Ngendo akafungua mdomo. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi kibuyu kikamwagika, na wengine wakashika, na Sajini naye akacheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili, akingojea mahindi yamwagike. Hakuna kilichomwagika. Nasirumbi alikuwa amekaa kwenye mzigo wa kuni, amejifunika uso kwa leso, analia kwa furaha wala hakuona haya. Ndani ya nyumba mtoto aliamshwa na ghasia, akalia kwa nguvu kiasi cha kumzidi kila mtu pale nje. Sajini akainua kidole wanyamaze.

"Sikieni," akasema. "Hiyo inatoka tumboni."

Waliporudi mtoni walirudi wawili wawili.

Jumatatu mchana Nasirumbi alimpikia mumewe ugali na mboga, akasahau kutia chumvi. Wengine husema hakusahau. Sajini akaonja, akaweka chini tonge, akavuta pumzi, akaomba chumvi. Ngendo alileta, na mke wa mwalimu akaleta, na yule mama wa chakula kibichi akakimbia kuwasha jiko. Na ng'ambo ya barabara, uwanjani, Moffat aliyekuwa ameinua mkono kutoa amri aliushusha, akatabasamu, kwa sababu watoto wote walikuwa wamegeuka upande mmoja.